Poni wa bure kwenye ekari ya nyasi: nimchukue?

*"Daktari, tumehamia kijijini Somerset, Uingereza, kwenye nyumba yenye ekari moja na nusu ya nyasi. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Jirani yetu, mzee wa watu, anahamia kwa binti yake na anataka kutuachia bure poni wake wa Shetland: dume aliyehasiwa, miaka 14, urefu sentimita 100. Nina watoto wawili, mmoja miaka 5 na mwingine 9. Mkubwa ana kilo 36. Mimi nimekulia Lamu, nyumbani kulikuwa na punda, kwa hiyo simwogopi mnyama. Naona mdogo kama huyu atatosheka na nyasi zetu bila gharama, na watoto watapata kipando. Mume wangu amesikia kwamba poni ni wakaidi na wanauma. Kitu kimoja kimenishangaza: shingo yake ni nene, imesimama kama ukuta, na jirani anasema ndizo nguvu zake. Je, nimchukue?"*

Dada, jibu fupi kwanza: usimchukue wiki hii. Huenda ukamchukua baadaye na akawa baraka kwa nyumba, ila kuna mambo ya kupima kabla hajavuka geti lako. Mumeo anahofia meno. Mimi nimeshtushwa na vitu viwili ulivyovitaja kama mambo ya kawaida: ile shingo, na ile ekari moja na nusu iliyokuwa ya ng'ombe wa maziwa. Kwako wewe nyasi nyingi ni neema. Kwa poni wa Shetland ndizo zinazoweza kumuua.

Nianze na yeye ni nani. Watu wengi hudhani poni ni mtoto wa farasi, au farasi aliyedumaa. Poni ni farasi mzima, ila wa mbari ndogo. Kwa kawaida anayefika sentimita 148 kwenye kilele cha mabega, au chini ya hapo, huitwa poni. Wa Shetland ni miongoni mwa wadogo kabisa: kitabu cha mbari yake hakimkubali anayezidi sentimita 107. Huyo wa jirani yako, kwa sentimita 100, ni wa ukubwa wa kawaida wa ukoo wake.

Visiwa vya Shetland viko kaskazini kabisa mwa Uskoti, kwenye upepo usiokoma, karibu bila miti, na nyasi zenyewe haba. Kwa karne nyingi poni waliachwa nje mwaka mzima. Majira ya baridi nyasi zikiisha walishuka ufukweni kula mwani uliotupwa na mawimbi. Mwenye mwili mkubwa alihitaji chakula kisichokuwepo, akafa. Mdogo, mwenye miguu mifupi, masikio madogo, singa nzito na tumbo linalojua kukamua uhai kutoka kwenye majani makavu, alifika majira ya kuchipua na kuzaa. Wenyeji walimtumia karibu vile mnavyomtumia punda Lamu: alibeba kwa shogi, kikapu kila ubavu, mboji iliyokaushwa ambayo ndiyo iliyokuwa kuni ya visiwa vile. Katika karne ya 19 wakaingia wenye migodi. Sheria ya mwaka 1842 ilipopiga marufuku wanawake na watoto wadogo kufanya kazi chini ya ardhi kwenye makaa ya mawe, pakatakiwa mnyama wa kuvuta mabehewa kwenye vichochoro vya chini, na poni wa Shetland, mpana wa kifua na mfupi wa kimo, alitosha pale ambapo farasi angegonga dari. Wengine waliishi huko chini miaka mingi. Mwaka 1890 kikaanzishwa kitabu cha kuandikisha ukoo wao, cha kwanza kwa poni wa asili wa Uingereza.

Nimekupa historia hiyo kwa sababu mwili wa mnyama unayepewa haujui kwamba njaa imekwisha. Umejengwa kuweka akiba ya kila tonge kwa ajili ya Januari isiyo na kitu, na sasa anapelekwa Somerset, kwenye nyasi zilizopandwa makusudi ziwe na sukari nyingi ili ng'ombe atoe maziwa.

Sasa tuje kwenye shingo. Farasi dume ambaye hajahasiwa huwa na shingo iliyojaa. Hilo ni la homoni. Aliyehasiwa, mwenye miaka 14, ana shingo ya namna hiyo kwa sababu ya mafuta. Nenda ukaishike. Weka mkono juu, chini ya singa, ujaribu kuisukuma kulia na kushoto. Ikiyumba kirahisi, afadhali. Ikiwa ngumu na haipindi, una mnyama ambaye, kwa uwezekano mkubwa, mwili wake umeacha kuitikia insulini inavyotakiwa. Kisha pitisha vidole ubavuni. Mbavu unatakiwa uzihisi bila kubonyeza kwa nguvu, hata kama huzioni. Usidanganyike na tumbo, maana poni wengi wana tumbo la kuning'inia, na manyoya ya baridi huficha mengi. Mkono hausemi uongo.

Insulini ndiyo kiini cha habari yenyewe. Poni akila sukari, kongosho humwaga insulini ili sukari iingie kwenye misuli na akiba. Kwa poni wengi wa mbari hizi za shida, kongosho humwaga insulini kupita kiasi na ikakaa juu kwa saa nyingi. Sukari kwenye damu inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Madhara hutokea mbali, kwenye kwato. Ndani ya ukwato kuna mfupa, na mfupa huo haukukanyaga chini kama wengi wanavyofikiri. Umening'inia ndani ya ukuta wa ukwato, umeshikwa na tabaka nyingi nyembamba za nyama hai zilizopachikana na tabaka za ukuta, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumana. Insulini ikiwa juu kwa muda, seli za mahali hapo hunyooka na kulegea. Uzito wa mnyama unavuta chini, kano kubwa nyuma ya mguu inavuta mfupa kwa nyuma, na vile vidole vinaanza kuachana. Mfupa unageuka au unazama kuelekea unyayoni. Maumivu yake, dada, nimeona mnyama akitokwa jasho na kutetemeka akiwa amesimama tu. Ugonjwa huo huitwa laminaitisi, na sehemu kubwa sana ya visa vyake hutokana na matatizo ya homoni, wala si mnyama kukanyaga vibaya au kutembezwa kwenye lami, kama wazee wengi wa farasi wanavyosema mpaka leo.

Kwa hiyo ukienda kwa jirani, usiishie shingoni. Tazama kwato. Utaona mistari inayozunguka ukwato. Mistari ikienda sambamba ni mabadiliko ya chakula na majira. Ikiwa imebanana mbele na kutanuka kuelekea kisigino, hapo palishatokea laminaitisi, hata kama mwenyewe atakwambia "hajawahi kuumwa". Visa vidogo hupita bila mtu kugundua. Mnyama anatembea polepole wiki mbili, wanasema ni uvivu.

Najua utaniuliza, basi si nitamfungulia saa chache tu kila siku? Wengi hujaribu. Poni ni mwerevu: akishazoea kwamba muda ni mfupi, hula kwa kasi mpaka ndani ya muda wa saa tatu tu anakusanya sehemu kubwa ya mahitaji yake ya siku. Na sukari ya nyasi haikai mahali pamoja. Mchana wenye jua mmea hutengeneza sukari, usiku huitumia kukua. Baridi ikiwa kali usiku, mmea haukui, sukari inabaki palepale. Ndiyo maana asubuhi yenye jua na barafu juu ya majani ni hatari, ingawa kwa macho uwanja unaonekana hauna kitu. Majira ya kuchipua na yale ya majani kupukutika ndiyo mabaya zaidi.

Wanaofanikiwa hufanya kazi kubwa zaidi ya kupunguza saa. Humtengea mnyama sehemu ndogo iliyokwanguliwa nyasi, au njia nyembamba iliyowekewa uzio kuuzunguka uwanja ili atembee badala ya kusimama akila, kisha humlisha nyasi kavu za kupimwa kwenye mizani. Kwa poni wa kilo 180 anayepunguzwa uzito, ni kama kilo 3 kwa siku, zigawanywe mara nyingi kwenye neti yenye matundu madogo. Nyasi hizo zilowekwe majini saa kadhaa na maji yake yamwagwe, sukari itapungua, japo si kwa kiwango unachoweza kukiamini bila kipimo. Kuna pia kifuniko cha mdomo chenye kitundu, anachovaa akiwa malishoni. Watoto wanaona ni ukatili. Ukatili ni ule mwingine niliokueleza.

Lakini usiende upande wa pili ukamnyima. Hapa uzoefu wako wa punda utakusaidia, kwa sababu wawili hawa wanafanana. Poni mnene au punda mnene akikatiwa chakula ghafla, au akiacha kula kwa sababu ya homa, safari au huzuni ya kutenganishwa na mwenzake, mwili humwaga mafuta yake yote kwenye damu kwa pamoja. Ini linashindwa kuyachakata. Damu ukiichota na kuiacha itulie, maji yake ya juu yanakuwa meupe kama maziwa. Mnyama ananyong'onyea, anakataa chakula zaidi, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Poni wa Shetland ni miongoni mwa wanaoongoza kwa tatizo hilo. Anapunguzwa taratibu, kwa miezi, na kila siku lazima awe na kitu tumboni.

Tuje kwa watoto. Farasi wadogo wana nguvu za ajabu kwa kimo chao, na hapo ndipo huonewa. Ukomo tunaoutumia wengi ni asilimia 20 ya uzito wa mnyama akiwa na afya njema, pamoja na tandiko, na chini ya hapo ni bora. Poni wa kilo 180 anafika kilo 36. Mwanao mkubwa tayari ana 36 kabla hujaweka tandiko, na mnyama mwenyewe, ukitoa yale mafuta, pengine ana pungufu ya 180. Basi mkubwa asipande. Mdogo anaweza, akiongozwa kwa kamba na mtu mzima, na atafaidi miaka kadhaa kabla miguu yake haijakaribia ardhi.

Kwa mkubwa kuna njia ambayo watu wanaisahau: gari dogo la magurudumu mawili. Kuvuta si sawa na kubeba, maana uzito uko kwenye magurudumu na mgongo unapumzika. Shetland wengi wanafurahia kazi hiyo kuliko kupandwa, na mazoezi yenyewe ni dawa ya insulini. Sharti ni afundishwe na mtu anayejua, hatua kwa hatua, na kwato ziwe salama. Poni asiyezoea akisikia gari nyuma yake akakimbia, hakuna mtoto wala mtu mzima atakayemshika. Kama mkubwa anataka kupanda hasa, mpelekeni shule ya kupanda farasi. Baadaye, mkiwa na uhakika, kuna mbari za kimo cha juu kidogo: Welsh wa milimani, Dartmoor, na hata Exmoor, ambao wako nyumbani kwenu. Siku moja ya mapumziko wapelekeni watoto kwenye milima ya Exmoor mkawatazame, wale wa rangi ya kahawia wenye mdomo uliopauka. Mtaona poni anavyoishi akiwa mahali pake.

Kuhusu ukaidi, mumeo amesikia kitu cha kweli kilichoelezwa vibaya. Mnyama aliyelelewa na upepo na mabonde ya maji hujifunza kusimama na kufikiri kabla ya kukanyaga; huo si ukaidi, na ninyi wa Lamu mnaujua kwa punda. Tabia mbaya hutoka kwingine. Farasi mkubwa hufundishwa na mpandaji mzima. Poni mdogo hana mtu mzima wa kumpanda, kwa hiyo walimu wake ni watoto, na watoto humfundisha wasichokusudia. Mtoto akiburutwa kwenda kwenye nyasi, poni amejifunza kwamba kuburuta kunalipa. Akipewa karoti mkononi kila anapokuja, atapekua mifuko, kisha atauma mfuko, kisha mkono. Usimpe kitu mkononi. Weka chini au kwenye ndoo. Ukienda kumwona, muombe jirani amfunge kamba amtembeze kutoka ndani ya malisho mpaka nje ya geti, kisha amwinue kila mguu. Angalia kamba. Ikilegea njia nzima, mnyama amelelewa. Ikikazika kama ya nanga, mna kazi ya miezi kabla mtoto hajaishika. Na mnyama mpole aliyeanza ghafla kuuma au kukataa kutembea apimwe maumivu kwanza, adabu baadaye.

Neno ambalo hukuliuliza: ana mwenzake? Farasi ni wa kundi. Poni anayeishi peke yake huhangaika na kuita, wengine hunyong'onyea, na nimekueleza huzuni inavyoweza kumletea mafuta kwenye damu. Mbuzi na kondoo humtuliza kidogo ila hawatoshi. Kama kwa jirani kuna poni wawili, kumtoa mmoja ni kuvunja jozi. Kama yuko peke yake sasa, utahitaji wa pili. Hapo hesabu ya "bure" inaanza kubadilika.

Nayo ibadilike kabisa, uijue mapema. Fundi wa kwato kila wiki 6 mpaka 8, hata kama havai viatu. Meno mara moja kwa mwaka. Chanjo ya pepopunda na mafua. Kinyesi kipimwe minyoo kabla ya kumpa dawa. Uwanja ukaguliwe mmea wenye maua ya manjano uitwao ragwort, unaoharibu ini na ambao ni hatari zaidi ukikauka ndani ya nyasi, maana ukiwa mbichi poni huuepuka kwa uchungu wake. Kisheria lazima awe na pasipoti yake, yaani hati ya utambulisho, na chipu ya utambulisho mwilini, ambayo Uingereza imekuwa ya lazima kwa farasi wote tangu Oktoba 2020, na ukimpokea una siku 30 za kuandikisha jina lako. Mzee asipokuwa na pasipoti, usipokee mnyama mpaka ipatikane. Tena poni hawa wanaishi mpaka miaka 25 au 30 na zaidi. Mwanao wa miaka 5 atakuwa chuo kikuu, na poni bado yuko malishoni akisubiri kwato zake zikatwe.

Kitu kimoja nakuondolea: nguo. Mwezi wa Januari utamwona amesimama na theluji mgongoni, na moyo wa Kilamu utakuambia umfunike. Theluji ile haiyeyuki kwa sababu joto lake halipotei. Manyoya ya ndani yanalihifadhi na ya nje yanamwaga maji. Mwache. Kupungua mwili kidogo wakati wa baridi ndiyo mpango wake wa tangu zamani, na ukimfunika nguo na kumlisha vizuri unaingia majira ya kuchipua na poni mnene mbele ya nyasi tamu. Mpe ukuta au ua la kukinga upepo, na uvunje barafu kwenye maji asubuhi na jioni.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mwambie jirani unampenda poni wake na unaomba daktari wa mifugo anayejua farasi aje ampime palepale, kwa gharama yako. Achukue damu kupima insulini na, kwa umri huo, homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo, maana ugonjwa wa tezi hiyo huanza kuwapata poni wakifika miaka hiyo nao huleta laminaitisi. Aangalie kwato, akiona shaka, apige picha ya eksirei. Majibu yakiwa mazuri, muombe mzee akuazime kwa mkataba wa maandishi badala ya kukupa moja kwa moja. Mpango huo ni wa kawaida Uingereza, na unakupa mwaka mzima wa majira yote kabla ya kujifunga. Insulini ikiwa juu lakini kwato nzima, bado anaweza kuishi vizuri, ila kwa mtu mwenye uwanja mkavu na muda wa kupima chakula kila siku. Jiulizeni kwa haki kama ni ninyi. Kwato zikiwa zimeharibika, kataa kwa upole na umsaidie mzee kutafuta kituo cha kuhifadhi farasi. Watoto watalia siku mbili.

Akishakuwa kwako, usisubiri kesho ukiona amesimama akiegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, au anageuka kwa shida na kulalalala kuliko kawaida. Shika kwato, kama ni za moto, na mshipa wa damu nyuma ya kifundo unapiga kwa nguvu kwenye kidole chako, mwite daktari siku hiyohiyo. Usimtembeze "alegee". Mtoe kwenye nyasi, msimamishe kwenye maranda mengi au mchanga laini, mpe maji na nyasi kavu zilizolowekwa. Na akikataa chakula siku nzima, au akigaagaa na kutazama ubavu wake, piga simu hata kama ni saa 8 usiku.

Nitumie majibu ya damu yakitoka, pamoja na picha ya kwato zote nne ukipiga kutoka ubavuni, kamera ikiwa chini kabisa usawa wa ardhi.